Sala iliyopita Ufipa mabegani mwa wapagazi

Kila ifikapo Mei Mosi, wafanyakazi wa Sumbawanga huandamana na mabango yao. Huku chini Kabwe, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, kazi haina sikukuu: dagaa ni lazima waanikwe kabla jua halijapanda. Wachache hukumbuka kuwa tarehe hiyo ni ya msiba mmoja mkubwa, na kwamba walioubeba msiba huo walikuwa wafanyakazi. Walipita Ufipa hii hii wakiwa na mzigo mabegani.

Historia ya sala ya Kikristo huku kwetu kwa kawaida huanzia Karema mwaka 1885, Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walipopokea ngome iliyojengwa na Wabelgiji. Ni sahihi kwa upande wa parokia na vitabu vya ubatizo. Lakini ukiuliza ni lini mtu alipita katika nchi hii akiwa amemfungulia Mungu moyo wake, akamwambia yote bila kuficha, huna budi kurudi nyuma miaka 13 zaidi.

Machi 19, 1872, Dk. David Livingstone alitimiza miaka 59 akiwa Unyanyembe, Tabora. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, alikuwa ameondoka siku tano tu zilizotangulia. Mzee wa Kiskoti, mgonjwa, mjane, amebaki na watumishi wake, akafungua shajara na kuandika sala. Alijitoa upya kwa Yesu, nafsi yake nzima, kisha akamwomba Baba ampe jambo moja: amalize kazi yake kabla mwaka haujaisha. Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta chanzo cha mto Nile.

Agosti 25 aliondoka Tabora na watu ambao Stanley alimpelekea kutoka pwani. Oktoba akalifikia ziwa, akafuata mwambao wa Ufipa kuelekea kusini. Anayeijua njia ya ukingoni mwa ziwa mwezi wa Oktoba anajua maana yake: mvua bado, mawe yanachoma, na milima inarudisha joto usoni. Mwaka aliouombea uliisha, na kazi haikwisha. Maji aliyoyafuata hayakuwa hata ya Nile, yalikuwa ya mto Kongo.

Usiku wa mwisho ulimkuta kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, amebebwa kwenye machela. Habari za usiku huo tunazipata kwa Horace Waller, kasisi aliyehariri shajara na kuzichapisha mwaka 1874 baada ya kuwahoji Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, huko Uingereza. Kijana Majwara ndiye aliyelala kibandani kumwangalia bwana wake. Kabla ya alfajiri alimwamsha Susi kwa hofu. Wenzake kadhaa wakaenda pamoja, wakasimama mlangoni. Mshumaa ulikuwa umegandishwa kwa nta yake wenyewe juu ya sanduku, bado unawaka. Livingstone alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, uso ameuzamisha viganjani juu ya mto wa kulalia. Walingoja waone kama anapumua. Mmoja akasogea, akamgusa shavu. Lilikuwa la baridi.

Hapo ndipo ubishi ulipoanzia, na haujaisha hadi leo. Tarehe ni ipi? Waller aliandika Mei 1. Mti wa mpundu ambao chini yake moyo wa marehemu ulizikwa ulichongwa tarehe ya Mei 4. Na je, kweli alikufa akisali? Mwanahistoria Dorothy Helly, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alionesha jinsi Waller alivyozipunguza na kuzipamba shajara ili wasomaji wa Uingereza wapate mtakatifu wao. Wengine husema mtu mwenye maumivu makali ya tumbo huinama hivyo hivyo ili apate nafuu.

Mimi sioni kwa nini tuchague. Maumivu na sala hukaa mkao mmoja. Yeyote aliyewahi kuuguza anajua kwamba saa nane za usiku mgonjwa hatengi kilio na maombi. Na walioyaona magoti yale hawakuwa na kanisa la kulipendezesha. Susi mwenyewe hakuwa amebatizwa.

Walichofanya baadaye kinanigusa kuliko vitabu vyote. Waliutoa moyo na sehemu za ndani, wakavizika ndani ya sanduku la bati la unga. Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India, akasoma sala za maziko. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani wiki mbili, wakaufunga kwa kitambaa na gamba la mti, kisha wakaanza safari. Kutoka Chitambo walizunguka, wakapanda kaskazini kupitia Ufipa, mashariki ya ziwa, hadi Tabora.

Tabora, Oktoba 1873, wakakutana na Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kuja kumsaidia Livingstone. Akashauri wamzike pale pale: njia ya Ugogo ni ya hatari, na mkewe marehemu naye amelala katika ardhi ya Afrika. Wapagazi wakakataa kwa kauli moja. Afisa akachukua sehemu kubwa ya vyombo vya upimaji vya marehemu, mwili hakuupata. Fikiria jambo hilo: watu wasio na cheo, wengi wakiwa wametoka utumwani, wanamwambia ofisa wa Malkia hapana.

Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite nchini mwao. Wapagazi wakafunga mabua ya mtama ndani ya kitambaa yakafanana na maiti, wakayabeba kwa huzuni kana kwamba wanarudi kuyazika Tabora, na usiku wakayatupa porini. Mwili halisi ulikwisha kufungwa kama mtumba wa nguo. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Wakalipwa ujira wao, wakaambiwa waende. Aprili 18 Livingstone alizikwa Westminster, na Wainwright alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Baadaye zilitengenezwa medali 60 za fedha kwa ajili ya wapagazi. Wengi hawakuzipata kamwe. Susi alibatizwa Zanzibar mwaka 1886, akachagua jina la Daudi.

Yaliyofuata Ufipa yanajulikana. Mapadre wa Karema waliweka ukatekumeni wa miaka minne, ili sala isiwe ya midomo tu. Mwaka 1889 akaja Adrian Atiman, mtumwa aliyekombolewa kutoka nchi ya mto Niger na kusomea uganga Malta, akawa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Jimbo likahamia Sumbawanga mwaka 1969. Baada ya mwaka 1976 jumuiya ndogondogo zikaisogeza sala barazani mwa nyumba zetu.

Leo tuna vipaza sauti. Sala nyingi zimekuwa oda: gari, visa, adui aanguke kabla ya Ijumaa. Asiyejibiwa huambiwa imani yake ni haba. Kwa kipimo hicho mzee wa Chitambo alishindwa: aliomba jambo moja kwa jina la Yesu, hakupewa. Lakini zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuomba, jibu lisije, alikutwa bado yuko magotini. Kumfungulia Mungu moyo ni huko: kumweleza haja yako, na kutokuufunga moyo asipokupa.

Nasikitika kuwa Ujiji, Kwihara na Bagamoyo zina kumbukumbu za safari hizi, nasi Ufipa tuliopitiwa mara mbili, na mtu hai kisha na maiti yake, hatuwafundishi hata watoto wetu majina ya waliobeba.

Hata hivyo sala ile haijatoweka. Nenda jumuiya yoyote, subiri wakati wa maombi ya nia. Baada ya wenye maneno mengi kumaliza, atakuwapo mama mmoja atakayeinama na kusema tu, "Nina nia yangu moyoni." Hasemi ni mtoto, ni ndoa, au ni uvimbe aliouona asubuhi. Hakuna anayemuuliza. Wote wanaitikia pamoja naye, wakamsaidia kuubeba mzigo wasioujua.