Mgeni katika jumuiya za kupeana bure mtandaoni
Katika jumuiya za kupeana vitu bure mtandaoni, kama Freecycle iliyoanzishwa Tucson, Marekani, mwaka 2003, mgeni hushukiwa kuliko mwenyeji. Chanzo si uchoyo. Mwaka 2001 watafiti Eric Friedman na Paul Resnick walionyesha kwamba pale jina jipya lipatikanapo bila gharama, tapeli aliyeumbuka hurudi akiwa mgeni, na wageni wote hulipia makosa yake. Ndiyo maana vikundi kadhaa vya Freecycle vilimtaka mwanachama mpya atoe kitu kabla ya kuomba. Wapo wanaodai kuwa sharti hilo humfungia mlango fukara. Lakini lengo la Freecycle ni kupunguza taka, na hata chupa tupu hukubalika, kwa hiyo hata fukara ana cha kutoa. Kasoro kubwa ya sharti hilo, kwa kweli, ni kwamba tapeli mvumilivu hazuiliki: hutoa kikorokoro kimoja, kisha huomba kompyuta.