Ghorofa za Umma na Mstari wa Rangi: Louisville, Buffalo na Columbus

Jengo linalokaliwa na familia nyingi huhifadhi historia kwa namna ambayo majalada ya serikali hayawezi, kwa kuwa ngazi zake, nyua zake na mpangilio wa vyumba vyake hudhihirisha jinsi waliolijenga walivyomthamini mpangaji. Katika miji mitatu ya Marekani, yaani Louisville (Kentucky), Buffalo (New York) na Columbus (Ohio), nyumba zilizojengwa kwa fedha za umma kati ya mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwaka 1940 kwa ajili ya Wamarekani Weusi zinashuhudia mambo mawili yaliyofungamana: heshima waliyoipata watu waliotoka kwenye mabanda mabovu, na utengano wa rangi uliotiwa nguvu kwa matofali na saruji. Msomaji anayeifahamu Kaloleni ya Nairobi, iliyojengwa na halmashauri ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika peke yao, ataitambua hali hiyo mara moja.

Louisville ndiyo iliyotoa msingi wa kisheria. Mwaka 1914 mji huo ulitunga sheria ndogo iliyowazuia Weusi kuhamia katika mitaa yenye Wazungu wengi, na Wazungu vilevile katika mitaa yenye Weusi wengi, lakini mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha katika shauri la Buchanan dhidi ya Warley. Hoja iliyoshinda ilikuwa haki ya mwenye mali kumuuzia amtakaye, wala si usawa wa binadamu, na kwa hiyo utengano uliendelea kwa njia nyingine. Mwaka 1935 kesi nyingine kutoka mji huohuo iliamuliwa mahakamani, safari hii kuhusu ardhi ambayo PWA, idara ya serikali kuu iliyoanzishwa mwaka 1933 ili kuzalisha ajira kwa njia ya ujenzi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, ilitaka kuitwaa kwa lazima ili kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba serikali kuu haikuwa na mamlaka ya kutwaa ardhi kwa kusudi hilo. Uamuzi huo ulichangia kuhamishia kazi ya ujenzi kwenye mamlaka za nyumba za miji, zilizokopeshwa fedha chini ya sheria ya mwaka 1937, na kwa kuwa sasa mji ndio uliochagua viwanja na wapangaji, desturi za mji kuhusu rangi ziliingia pamoja na fedha hizo. Louisville yenyewe ilipata College Court kwa ajili ya Weusi na LaSalle Place kwa ajili ya Wazungu.

Huko Buffalo, Willert Park Courts ilikamilika mwaka 1939 kwa mchoro wa msanifu Frederick C. Backus: majengo kumi ya ghorofa tatu, yenye nyumba 172, yakizunguka ua mpana uliowapa watoto mahali pa kuchezea na kila dirisha mwanga wa kutosha. Kutani ziliwekwa sanamu za wafanyakazi na familia zao, zilizochongwa na Robert Cronbach na Harold Ambellan katika mpango wa serikali wa kuwaajiri wasanii. Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini, kwani ni nadra kwa nyumba za wapangaji wa kipato cha chini kupambwa kwa sanaa inayomheshimu mfanyakazi badala ya kumtukuza mfadhili. Baadaye majengo hayo yalipewa jina la A. D. Price, meneja wake wa kwanza, na katika miaka ya karibuni yalikaa matupu kwa muda mrefu huku wahifadhi wa majengo wakipinga yasibomolewe.

Nyumba kama hizo hujulikana kwa kuingiwa: zikishabomolewa, hubaki michoro na picha tu.

Columbus ilikaribia kupotelewa kabisa. Poindexter Village, iliyozinduliwa na Rais Franklin D. Roosevelt tarehe 12 Oktoba 1940, ilichukua nafasi ya mtaa wa Blackberry Patch na kupewa jina la mchungaji James Preston Poindexter, Mtu Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika baraza la mji huo, mwaka 1880. Humo alikulia msanii Aminah Robinson, aliyezaliwa mwaka 1940, ambaye michoro na vitambaa vyake vilihifadhi sura za wachuuzi na majirani ambazo hakuna mamlaka ya nyumba iliyowahi kuziandika. Mwaka 2013 karibu majengo yote yalibomolewa. Mawili yaliyobaki yalikabidhiwa kwa Ohio History Connection, taasisi ya historia ya jimbo, ili yawe makumbusho, na ni haki kudai kwamba vyumba vyake visipanuliwe kwa ajili ya maonyesho, ili mgeni atakayeingia aone kwa macho yake nafasi ambayo familia moja ilipewa mwaka 1940.