Elimu ya universite kwa watu wa nje: kutoka Cambridge mpaka Antigonish



Siku za kwanza za upadri wetu tulipewa kazi ya kuangalia shule za parokia moja ya mbali. Mwaka ule universite moja ilituma kwetu wajumbe wake pamoja na masanduku matatu ya vitabu kwa faida ya walimu. Wajumbe walisema kwa muda wa saa mbili, tukapiga makofi, wakapanda motokari yao wakaenda. Vitabu tulivitia katika kabati ya nyumba ya mapadri, na ufunguo ukakaa mfukoni mwetu. Nyuma ya mwaka mmoja tulifungua kabati, tukakuta mchwa wamekula karibu nusu. Hakuna mwalimu aliyekuja kuomba hata kitabu kimoja. Na sisi, tuseme kweli, hatukumwuliza hata mwalimu mmoja sababu yake.

Tangu siku ile swali hili linatusumbua: universite ikitaka kuwagawia elimu yake walimu na watu wote wasioweza kuingia mlangoni mwake, inapashwa kufanya namna gani? Tumetafuta jibu katika historia. Tumekuta kwamba waliofaulu katika kazi hii walifundishwa namna ya kuifanya na wasikilizaji wao wenyewe, na mara nyingi kwa bahati tu.

Tuanze na inchi ya Uingereza. Zamani universite ya Cambridge na ya Oxford zilikuwa kama boma lenye ukuta mrefu. Wanawake hawakuingia. Watu wasiokuwa wa kanisa la Anglikana walizuiwa na sheria kupata vyeo na kazi za universite, na sheria ile iliondolewa tu mwaka wa 1871. (Sisi Wakatoliki tungalibaki nje pamoja na wengine.) Lakini wakati uleule viwanda vilikuwa vikiongezeka kaskazini ya inchi, miji ilijaa watu, na shule zilihitaji walimu wengi. Walimu wanawake walikuwa wengi, na elimu yao ilikuwa ndogo. Walifanya vikundi vyao katika miji ya Leeds, Liverpool, Manchester na Sheffield. Mwaka wa 1867 walimwita mwalimu kijana wa Cambridge, jina lake James Stuart, mwenye miaka 24, wakamwomba awape mafundisho juu ya namna ya kufundisha.

Stuart aliwajibu kwamba hataweza kusema juu ya ufundi wa kufundisha. Heri awafundishe neno fulani kabisa, nao wataona namna yake. Akachagua historia ya elimu ya nyota. Basi alikuwa akienda kwa treni kutoka mji mpaka mji, kila juma, akirudia somo lilelile pahali pane. Hapo likatokea neno la kuchekesha. Desturi ya wakati ule haikuona vema kijana mwanamume aulizane na wasichana maswali kwa mdomo. Stuart alifanya nini? Alipiga chapa maswali katika karatasi, akawagawia, nao waliandika majibu nyumbani wakamtumia kwa posta. Akayasahihisha, akayarudisha. Akapiga chapa vilevile muhtasari wa kila somo, ili wasikilizaji wajue njia anayoifuata. Hivi, kutoka haya ya vijana, Stuart alifika kufundisha kwa posta, na mafundisho ya namna hiyo baadaye yalisaidia walimu wengi sana katika inchi nyingi, nayo yanasaidia mpaka leo.

Kisha Stuart alifika Rochdale, mji wa wafumaji wa nguo. Huko mwaka wa 1844 watu 28, baadhi yao wafumaji, walikuwa wameunga feza zao kidogo kidogo na kufungua duka lao wenyewe. Ndilo baba wa koperativi nyingi za dunia. Stuart aliwafundisha katika jumba lao. Siku moja alikuwa na haraka ya kuondoka, akamwomba mlinzi wa jumba aache picha zake zikitundikwa ukutani mpaka juma la pili. Aliporudi, mlinzi alimwambia kwamba kuziacha picha pale lilikuwa jambo jema sana: wafanyakazi walikuwa wamekutana, wameshindana juu ya zile picha, sasa wana maswali mengi, nao watakuja jioni ile mbele ya saa ya somo kusudi wamwulize. Tangu siku ile Stuart aliweka saa ya mazungumzo pamoja na kila somo.

Angalieni vizuri neno hili. Mwalimu aliondoka, vyombo vyake vya kufundishia vikabaki mikononi mwa watu. Kama picha zile zingalifungiwa katika kabati, wafumaji wa Rochdale wasingalipata swali.

Mwaka wa 1873 universite ya Cambridge ilikubali kuishika kazi hiyo kuwa kazi yake yenyewe, na masomo ya kwanza yalifanyika Nottingham, Derby na Leicester. London ilifuata mwaka wa 1876, Oxford mwaka wa 1878. Masanduku ya vitabu yalizungushwa pamoja na walimu. Lakini kulikuwa na kasoro moja kubwa: universite ilileta mwalimu, watu wa mji walipashwa kumlipa. Kaskazini kabisa, katika Northumberland, wachimba makaa walifuata masomo haya kwa bidii ya kushangaza. Mwaka wa 1887 ulitokea mgomo katika machimbo, feza ikakosa, na masomo yakafa. Si akili iliyowapungukia.

Mwaka wa 1903 Albert Mansbridge, karani wa koperativi asiyepata kusoma universite, alianzisha chama cha kuwaunganisha wafanyakazi na universite. Mwaka wa 1908 mwalimu R. H. Tawney alianza madarasa mapya, moja Longton, moja Rochdale ileile. Huko wanafunzi walichagua somo lao wenyewe, wakaahidi kulifuata miaka mitatu, na kuandika kazi mara kwa mara. Saa mbili kila juma: moja ya kufundisha, moja ya kubishana. Tawney mwenyewe aliungama kwamba wale wafanyakazi walimfundisha mengi.

Sasa tuvuke bahari mpaka Kanada, katika jimbo la Nova Scotia, kwa sababu huko habari hii iliingia mikononi mwa mapadri. Upande wa mashariki wa jimbo lile wakaaji wengi walikuwa Wakatoliki, wana wa Waskoti, wa Waayalandi na wa Wafaransa: wavuvi, walimaji na wachimba makaa. Diosezi ya huko ilianzisha chuo mwaka wa 1853, kikawa universite ya Mtakatifu Fransisko Saveri katika mji mdogo wa Antigonish. Padri James Tompkins, aliyesoma Roma katika chuo cha Propaganda, alikuwa makamu wa rekta. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti nyembamba, asiyenyamaza. Mwaka wa 1912 alisafiri mpaka Uingereza kwa mkutano wa universite, akarudi moyo wake unawaka kwa habari ya Mansbridge na wenzake. Aliandika kijitabu juu ya elimu kwa watu wote, na Januari 1921 Antigonish ilifungua mlango kwa Shule ya Watu: wanaume kama hamsini, walimaji na wavuvi, vijana na wazee, walikuja kukaa majuma kadhaa ya baridi, bila mtihani wa kuingia, bila kulipa masomo.

Kisha padri Tompkins akapatwa na msalaba. Shirika la Carnegie la Marekani lilileta shauri la kuunganisha universite zote za majimbo yale katika mji wa Halifax, na kutoa feza nyingi. Tompkins alilitaka shauri lile kwa nguvu zake zote. Askofu Morrison alilikataa, akaogopa kwamba universite ya Kikatoliki itamezwa. Mwisho wa mwaka wa 1922 Tompkins aliondolewa katika universite, akatumwa kuwa paroko wa Canso, kijiji cha wavuvi mwisho wa inchi, penye ukungu na umaskini. Alikuwa na miaka zaidi ya hamsini. Aliumia sana, lakini alitii, akaenda. Mafratri wanaotusoma wataona hapa fundisho juu ya utii, nao wanafanya vema. Sisi tunaona na neno la pili: bila kufukuzwa kule, wavuvi wasingalimpata.

Canso aliona watu wanaouza samaki kwa bei iliyopangwa na wafanyabiashara, na kununua chumvi na nyavu kwa bei iliyopangwa na walewale. Alianza kutembea gatini akigawa vipande vya magazeti na vijitabu, akiuliza maswali, akiwaudhi watu mpaka wafikiri. Tarehe 1 Julai 1927 inchi yote ya Kanada ilikuwa katika sikukuu ya miaka 60 ya umoja wake. Wavuvi wa Canso walifanya mkutano kusema kwamba wao hawana neno la kufurahia. Mapadri wa diosezi waliwaunga mkono, na serikali ikaweka tume ya kuchunguza hali ya wavuvi. Mwaka wa 1928 universite ya Antigonish, ikisukumwa na mapadri wake na na chama cha Wakatoliki Waskoti, ilianzisha idara ya kuwapelekea watu elimu. Mkuu wake alikuwa padri Moses Coady, ndugu wa Tompkins kwa ukoo. Coady alikuwa mtu mkubwa, mwenye nguvu za mlimaji, naye alikuwa amekwisha kazi ya katibu wa chama cha walimu wa shule za Nova Scotia tangu 1921. Alijua basi mshahara wa mwalimu ni nini.

Namna yao ya kufanya ilikuwa hivi. Kwanza mkutano mkubwa katika kijiji: Coady alisema kwa nguvu, akabomoa mawazo ya zamani. Kisha watu waligawanyika katika vikundi vidogo, watu wanane au kumi, wakakutana jioni jikoni kwa mmoja wao, karibu na moto. Mkubwa wa kikundi hakuwa padri wala mwalimu wa universite. Alikuwa jirani yao. Idara ilipeleka vijitabu vyepesi, na Masista wa Mtakatifu Marta walishika kazi ya maktaba na kutuma vitabu kwa posta. Hawakuanza na nyota kama Stuart. Walianza na bei ya samaki: nani anaipanga? chumvi inatoka wapi? feza yetu inalala katika banki ya nani? Mara kwa mara vikundi vyote vya upande mmoja vilikusanyika kuambiana waliyoyapata. Kufika mwisho wa miaka ya 1930 vikundi vilikuwa vimepita elfu moja.

Masomo hayo yalizaa kazi ya mikono. Watu wa Little Dover, karibu na Canso, walikata miti wenyewe na kujenga nyumba ya kutilia mikebeni kamba wakubwa wa bahari, ambao mbele waliwauza kwa bei ndogo sana. Coady alizunguka pwani wakati wa baridi kali akiwakusanya wavuvi, na mwaka wa 1930 chama chao kikubwa kilianzishwa Halifax. Vikafuata vyama vya akiba na mkopo, ndugu wa zile COOPEC tunazozijua sisi katika Kivu. Mwaka wa 1943 universite ilikuwa na redio yake, na masomo yakaingia nyumbani mwa watu kwa sauti.

Tusiwadanganye wasomaji. Nyuma ya vita ya 1939–1945 vikundi vya jikoni vilipungua. Vijana walikwenda mijini, na koperativi nyingi zilishindwa na makampuni makubwa. Wako watu wanaosema Antigonish haikufaulu kubadili uchumi wa Nova Scotia, na hesabu zinawapa haki kwa sehemu. Lakini mvuvi aliyesoma hesabu za chama chake na kusimama mbele ya wenzake kuzieleza, huyo hakurudi tena kuwa yule wa zamani. Coady alikufa mwaka wa 1959, na mwaka uleule universite ilianzisha chuo chenye jina lake, ambamo wageni wa inchi nyingi, na Waafrika pamoja nao, wamesoma kazi hiyo.

Tunamrudia Tompkins. Mwaka wa 1935 alihamishwa tena, akawa paroko wa Reserve Mines, kijiji cha wachimba makaa. Huko wanaume walijifunza kwa muda mrefu namna ya kujenga, kisha mwaka wa 1938 wakamaliza nyumba zao wenyewe, 11 kwa hesabu. Lakini neno lililotugusa sisi zaidi ni lingine. Tompkins alichukua chumba cha mbele cha nyumba ya padri, akakifanya maktaba ya watu wote. Mchimba makaa akitoka kazini aliingia, akachukua kitabu, akaenda nacho. Padri alikaa vyumba vya nyuma.

Sisi vilevile, mwaka uliopita, tulitoa vitabu vilivyopona kwa mchwa, tukavipeleka katika shule tatu. Mbele ya kuvipeleka tuliwauliza walimu wanahitaji nini. Walijibu: maelezo ya hesabu ya darasa la tano na la sita, na mtu wa kuwaeleza sehemu mia za feza. Katika masanduku yote matatu hakukuwa na kitabu cha namna hiyo. Tumeiandikia universite ile barua, tukaweka maswali ya walimu ndani, kwa mikono yao wenyewe. Jibu tunalingoja bado. Wakati huu tukingoja, walimu wanne wanakutana siku ya tano jioni kwa mmoja wao, na mkatekista anawaletea taa.