Kiraka cha 1984 Ndani ya Kompyuta za Mtumba

Katika maduka ya kompyuta za mtumba Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, mteja huanza na swali moja: i5 ya jenaresheni gani? Bei hutegemea jibu. Ni wachache wanaojali kwamba mashine hiyo iliyotoka ofisi fulani Uingereza bado inaelewa maagizo yaliyobuniwa 1978.

Mwaka huo Intel ilitoa prosesa ya 8086, yenye transista 29,000. Maagizo yake yalisanifiwa na Stephen Morse, mtu wa programu kuliko saketi. IBM ilipoweka nduguye, 8088, ndani ya PC ya 1981, programu zilifurika sokoni, na kila prosesa iliyofuata ikabanwa izielewe: 286, 386, 486, Pentium.

Uaminifu huo ulizaa vituko. 8086 ilikuwa na nyaya 20 za anwani, hivyo iliona megabaiti moja tu ya kumbukumbu. Anwani ikizidi hapo, hesabu inarudi sifuri. Baadhi ya waandishi wa programu wakaufanya upungufu huo ujanja wao. Ikaja 286 yenye nyaya 24, hesabu ikaacha kurudi, programu zao zikagoma. Kwenye PC/AT ya 1984, IBM iliweka swichi ya kuuzima waya wa kwanza wa ziada, ikaikabidhi kwa chipu ya kibodi, kwa kuwa chipu hiyo ilikuwa na pini isiyo na kazi. Fundi yeyote wa jua kali angeitambua akili hiyo. Kiraka kilidumu karibu miaka 30, hadi Intel ilipoanza kukiacha kwenye Core ya kizazi cha nne, 2013.

Intel ilijaribu kuhama kabisa kwa Itanium ya 2001, na humo programu za zamani zilijikokota. Mwaka 2003 AMD ikaongeza biti 64 juu ya maagizo yaleyale, na Intel ikalazimika kumfuata mshindani wake.

Bila urithi huu, kazi ya Computer for Schools Kenya, inayokarabati kompyuta zilizotumika kwa ajili ya shule tangu 2002, ingekuwa ngumu zaidi.

Sasa wanaozifungia mlango mashine hizi za zamani ni watu wa programu. Msaada wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hutaka kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chipu chache. Toleo lake la 2024 haliwaki bila agizo la POPCNT, ambalo kizazi cha nne kinalo. Kinachokikwamisha ni orodha ya Microsoft na sharti la moduli ya usalama ya TPM 2.0. Mwenye sayba wa Kajiado asiye na hela ya kizazi cha nane bado anaweza kuweka Linux.