Moto wa Likoni na Mtu Aliye Kizimbani

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, vijana waliotoka msitu wa Kaya Bombo walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile kidogo cha pale feri. Waliua polisi sita na kubeba bunduki zaidi ya 40. Kisha nyumba na vibanda vya watu wa bara vikaanza kuchomwa. Ghasia zilipotulia, zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa na wengine kama 100,000 wamehama makwao, wengi wakilala kwenye kanisa Katoliki la Likoni. Sisi tuliozaliwa baadaye tumekuzwa na hadithi hiyo, kila nyumba na toleo lake.

Kipande kisichosimuliwa sana ni cha kortini. Polisi, wakiwa na uchungu wa wenzao, walifagia vijana kwa mamia. Mashirika ya haki za binadamu yakaandika kuhusu vipigo na mateso. Sasa chukulia wewe ndiye wakili wa mmoja wao, ameshtakiwa kwa mauaji na kuteketeza nyumba. Unaanzia wapi?

Huwezi kubisha kwamba watu walikufa. Huwezi kubisha moto, majivu yapo. Swali lako ni moja tu: ni huyu? Shahidi anasema alimwona. Kwa taa gani? Kwa umbali gani? Kama alikuwa anamjua, mbona hakumtaja siku ile alipoandikisha taarifa? Na kama hakumjua, gwaride la utambulisho lilifanywa? Mtu mkweli kabisa, aliyeunguliwa na nyumba, anaweza kukosea sura usiku ule wa moshi na mbio. Kumuuliza hivyo si kumdharau, ingawa najua kwake yeye inauma.

Halafu kuna kifungu cha 21 cha Sheria ya Adhabu: watu wenye nia moja hubeba kosa moja. Yaani si lazima uonekane na kiberiti mkononi. Kwa kijana aliyekutwa karibu na kundi, hicho ni kitanzi.

Mzigo mzito zaidi ulikuwa ungamo. Wakati huo, ukikiri mbele ya inspekta wa polisi, maneno yako yangeweza kutumika kortini. Wakili akipinga, jaji anasimamisha kila kitu na kusikiliza kwanza kesi ndogo ndani ya kesi: maneno haya yalitoka kwa hiari, ama kwa kipigo? Mwaka 2003 sheria ilibadilishwa, polisi wakakazwa. Waliokamatwa 1997 hawakuwa na bahati hiyo.

Na kuna jambo linalonikera mpaka leo. Ukishtakiwa mauaji, kesi ilikwenda Mahakama Kuu kule kisiwani, na usipokuwa na pesa serikali ilikulipia wakili. Malipo kiduchu, lakini wakili alikuwepo. Ukishtakiwa kuchoma nyumba pekee, adhabu ikiwa hadi kifungo cha maisha, ulisimama mwenyewe mbele ya hakimu. Mtoto wa Kidigo aliyeacha shule, anamhoji polisi! Mamake naye anavuka feri, kisha anatafuta matatu mpaka Shimo la Tewa kumwona, hana hata wa kumuuliza kesi imefika wapi.

Mwishowe kesi nyingi ziliporomoka, ushahidi haukutosha. Wapo Likoni wanaosema mawakili ndio waliowaokoa wauaji. Mimi sioni hivyo. Uchunguzi unaoanza kwa kumpiga mtu hadi akiri humwacha aliyechoma akiwa huru, na aliyechomewa bila jibu.

Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa 1998, ilisikiliza mashahidi kuhusu nani alipanga na nani alilipa, na ikapendekeza baadhi ya wakubwa wachunguzwe zaidi. Ripoti ilikaa ikulu tangu 1999, ikatolewa 2002. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kufungwa kwa ajili ya Likoni.