Pumzi 48: Umri kama Msingi wa Uamuzi wa Kiuguzi

Muuguzi akihesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima akapata 48, bado hajajua chochote mpaka ajue mgonjwa ana umri gani. Kwa mtoto wa wiki tatu hiyo ni hali ya kawaida, kwani mtoto mchanga hupumua kati ya mara 30 na 60 kwa dakika. Kwa mtoto wa miezi mitano, idadi hiyo iko chini kidogo ya 50, kiwango ambacho mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakihesabu kuwa ni kupumua kwa haraka kwa watoto wa miezi 2 hadi 11. Mtoto huyo akishatimiza mwaka, kiwango kinashuka hadi 40, na pumzi 48 pamoja na kikohozi zinatosha kumfanya mhudumu wa zahanati aamue kuwa ni nimonia na aanze dawa. Mtu mzima, ambaye kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20, akifikia 48 yuko hatarini kufa, na kila aliye karibu anapaswa kuacha alichoshika na kumkimbilia. Tarakimu ni ileile, maana ni nne.

Makala haya yanatetea hoja moja. Uuguzi wa kitaaluma unasimama juu ya uamuzi unaofanywa kuhusu mtu mmoja, mwenye umri wake, mwili wake na watu wake. Utaratibu wa kugawana kazi kwa aina ya kazi, uliozoeleka katika wodi nyingi za Afrika Mashariki, unaukata uamuzi huo vipande mpaka hakuna anayebaki nao mzima. Tunafundisha hivi darasani, tunapanga zamu vingine wodini.

Kinachofundishwa kinajulikana. Florence Nightingale, katika kitabu chake Notes on Nursing cha 1859, aliweka uangalizi mbele ya karibu kila kitu: muuguzi asiyejua kumtazama mgonjwa, hata awe na moyo mwema kiasi gani, hafai. Karne moja baadaye Mmarekani Virginia Henderson alitaja mahitaji 14 ya msingi ya binadamu, kuanzia kupumua, kula na kutoa haja hadi kuabudu, kufanya kazi, kucheza na kujifunza. Kwake, kazi ya muuguzi ni kumsaidia mtu afanye yale ambayo angeyafanya mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au ujuzi, na kumrudishia uwezo huo mapema iwezekanavyo. Dorothea Orem alijenga nadharia yake juu ya uwezo huohuo wa mtu kujihudumia. Ida Jean Orlando, mwaka 1961, alionyesha kuwa tendo la kiuguzi linapaswa kutoka katika kile ambacho mgonjwa huyu anakihitaji sasa, si katika mazoea ya wodi. Leo mwanafunzi wa chuo chochote cha uuguzi, Dodoma au Kisumu, anaweza kukutajia hatua za mchakato wa uuguzi bila kusita: kukusanya taarifa, kubaini tatizo, kupanga, kutekeleza, kutathmini.

Umri nao hufundishwa, lakini mara nyingi kama jedwali. Hapa kuna hatua nane za ukuaji za Erik Erikson, pale kuna miezi ya kukaa, kutambaa na kuota meno, mwisho kuna orodha ya mabadiliko ya uzeeni. Mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, na jedwali linabaki katika chumba cha mtihani. Silidharau. Ila wodini umri haufanyi kazi kama jedwali. Unabadilisha akiba aliyonayo mwili, unabadilisha uwezo wa mgonjwa kusema anachokisikia, na unabadilisha jibu la swali la nani ana haki ya kuamua. Mambo haya matatu huingiliana, na muuguzi hukutana nayo yote kwa pamoja kitandani.

Tuchukue maambukizi makali. Tumezoea kuyatafuta kwa homa. Lakini mtoto mchanga mwenye maambukizi yanayoweza kumuua ndani ya siku moja anaweza kuwa baridi, joto lake likiwa chini ya nyuzi 35.5, amelegea na hataki kunyonya. Bibi wa miaka 80 mwenye nimonia naye anaweza asipate homa kabisa, wala asikohoe sana. Dalili ya kwanza ni ile inayosemwa na binti yake aliyelala naye usiku: tangu jana haongei mambo yanayoeleweka, anamwita marehemu mume wake, hataki uji. Jibu ambalo binti huyo hupewa mara nyingi ni kwamba huo ni uzee tu. Neno hilo limeua wazee wengi. Kuchanganyikiwa kunakoanza ghafla, kwa mtu ambaye juzi alikuwa akiwataja wajukuu wake kwa majina, ni ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Atakayejua kwamba kumeanza ghafla ni yule tu aliyemwona juzi.

Maumivu yanaonyesha jambo hilihili kwa upande wa kusema. Mpaka miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za nchi tajiri, watoto wachanga walifanyiwa upasuaji wakiwa na dawa kidogo mno za ganzi na usingizi, kwa imani kwamba hawasikii maumivu kama watu wazima. Utafiti wa K. J. S. Anand na wenzake, uliochapishwa mwaka 1987, ulichangia sana kuiangusha imani hiyo. Leo tunavyo vipimo vinavyosoma maumivu ya mtoto asiyeweza kuyaeleza, kwa kutazama uso, miguu, namna anavyojinyonga, kilio chake, na kama anabembelezeka. Hata hivyo mtoto wa miaka miwili aliyeungua kwa maji ya moto, anayelala kimya bila kujisogeza, bado huhesabiwa kuwa ametulia. Hajatulia. Amejifunza kwamba kujisogeza kunauma. Muuguzi anayepita na toroli ya dawa mara mbili kwa siku hana njia ya kutofautisha mtoto aliyetulia na mtoto aliyekata tamaa.

Swali la nani anaamua ni gumu zaidi kwa vijana, na nadhani ndipo huduma zetu zinapoyumba zaidi. Kijana aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI amekunywa dawa tangu hajajua kusema. Mama au shangazi ndiye aliyeijua siri, ndiye aliyekwenda kliniki, ndiye aliyejibu maswali. Akifika miaka 14 anaanza kuzificha dawa chini ya godoro, na kliniki inamwandika kuwa mtumiaji mbaya wa dawa. Hakuna aliyekaa naye peke yake kumuuliza anajua nini kuhusu dawa hizo. Au msichana wa miaka 16 aliyejifungua jana: wodi ya wazazi inamwita mama, inampa maelekezo ya mama, na kila akiulizwa, anayejibu ni bibi yake aliyekaa pembeni. Mwili wake mwenyewe bado unakua. Huyu ni mama na ni mtoto kwa wakati mmoja, na hakuna jedwali linaloweza kuamua kwa niaba ya muuguzi aongee naye kama nani.

Sasa tuingie wodini asubuhi. Kazi zinagawanywa: mmoja ameshika dawa, mwingine vidonda, mwingine vipimo vya joto na presha, mwingine vitanda, mwingine anazunguka na daktari. Kila kazi inafanyika, na mara nyingi inafanyika vizuri. Mgonjwa anaguswa na watu watano na hajulikani na hata mmoja. Aliyepima joto la yule bibi ameandika 36.4 na kuendelea mbele. Aliyegawa dawa amekuta hajameza, akaandika kuwa amekataa. Aliyetandika kitanda ameona uji haujaguswa. Taarifa tatu zilizotosha kuokoa maisha ziko katika vichwa vitatu tofauti, na saa nane mchana zamu inakabidhiwa kwa maneno kwamba wodi iko shwari.

Utetezi wa kwanza wa utaratibu huu ni uhaba wa wauguzi, na uhaba upo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilihesabu wauguzi milioni 29.8 duniani, na upungufu wa milioni 5.8 kwa mwaka 2023, sehemu kubwa yake ikiwa katika maeneo kama yetu. Linda Aiken na wenzake walionyesha mwaka 2002, kwa takwimu za hospitali za Pennsylvania, kwamba kila mgonjwa mmoja wa upasuaji aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30. Serikali isiyoajiri wauguzi waliokwisha kuhitimu haina pa kujificha mbele ya takwimu hizo.

Lakini uhaba hauelezi mgawanyo wa kazi. Mwaka 1960 Isabel Menzies alichapisha uchunguzi wake juu ya hospitali ya kufundishia ya London, ambako alikuta kazi zilezile zimekatwakatwa na kugawanywa kwa wauguzi wengi, na wagonjwa wakitajwa kwa namba za vitanda au kwa kiungo chenye ugonjwa. Maelezo yake yanachoma mpaka leo: utaratibu ule ulimkinga muuguzi na hofu. Kumjua mtu anayeteseka kunaumiza, na kugusa kila mtu kidogo kunapunguza maumivu hayo. Nakubaliana naye, na sisemi hivyo kwa kuwalaumu wauguzi. Muuguzi aliyeelemewa na vifo vya watoto bila mtu wa kuongea naye atatafuta kinga popote. Ila tuseme wazi kuwa ni kinga, tusiiite uhaba. Wauguzi watatu wenye wagonjwa 39 hawahitaji mwenzao wa nne ili kila mmoja apewe wagonjwa 13 wa kuwafahamu. Usiku, muuguzi akiwa peke yake, hesabu hiyo haiwezekani. Hapo naona aanze na wale walio kwenye ncha mbili za umri, maana ndio wanaobadilika kwa kasi huku wakisema machache.

Kwamba kazi inaweza kupangwa kumzunguka mtu mmoja, tunao ushahidi wa karibu. Huduma ya kangaruu, ya kumweka mtoto njiti kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá mwaka 1978 kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Kwa miaka mingi ilionekana kuwa ni ya mtoto aliyekwisha kuimarika. Kisha utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, uliwaweka watoto wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya 1.8 vifuani mwa mama zao mara baada ya kuzaliwa, kabla hawajaimarika. Vifo katika siku 28 za mwanzo vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa waliosubiri. Mama hakuwa mgeni wa saa za kutazama wagonjwa. Alilazwa pamoja na mwanawe. Kazi ya muuguzi haikupungua, ilibadilika sura: kumfahamu mama yule na mtoto yule kiasi cha kujua pumzi ipi ni ya kawaida kwao.

Kwenye ncha ya pili ya maisha, Uganda ilibadilisha kanuni zake mwaka 2004 ili wauguzi waliosomea tiba shufaa waweze kuandika dawa ya mofini kwa wagonjwa wenye maumivu makali. Uamuzi uliwekwa mikononi mwa anayekaa na mgonjwa, na nchi nyingi zilikwenda kujifunza huko.

Na mzee aliyepooza upande mmoja? Vitabu vinasema ageuzwe kila baada ya saa mbili na ngozi itazamwe kama imekuwa nyekundu. Ngozi nyeusi haiwi nyekundu kwa namna hiyo. Muuguzi anayeijua kazi yake huweka kiganja juu ya mfupa wa kitako na kwenye kisigino, akahisi joto, akabonyeza kuona kama pamekuwa pagumu kuliko pembeni, akalinganisha na alivyopaona asubuhi. Naye ni binti wa miaka 24, mgonjwa ana 70 na ni baba wa watu. Kwa hiyo anaanza kwa kuvuta pazia na kusema, "Shikamoo baba. Naomba tukugeuze, mgongo upumzike," kisha anangoja aitikiwe, hata kama itikio ni la kope tu. Anamfunika shuka mahali pasipohitajika kuonekana. Mwana wa kiume wa mzee huyo anafundishwa kumshika bega ili kesho nyumbani aweze. Katika dakika hizo tano kuna uangalizi wa Nightingale, uwezo wa kujihudumia wa Orem na mahitaji kadhaa ya Henderson. Hakuna hata kimoja kinachoweza kufanywa na mtu ambaye kazi yake asubuhi hiyo ni migongo yote ya wodi.

Mabaraza ya uuguzi yanapokagua hospitali huhesabu vitanda, leseni na vifaa. Yaulize pia swali moja: kwa mgonjwa huyu, zamu hii, muuguzi wake ni nani? Vyuo navyo vimpe mwanafunzi mgonjwa mmoja wa kumfuata tangu kulazwa hadi kuruhusiwa, au hadi kufa, badala ya kumpa idadi ya sindano za kutimiza. Na wewe muuguzi kiongozi unayepanga zamu ya kesho, huhitaji waraka wa wizara wala bajeti: chukua orodha ya wagonjwa wako na umri wao, kisha mbele ya kila jina andika jina la muuguzi mmoja.