Siku ya Mtakatifu Patrick: Nani hasa ana haki ya kuisherehekea?

Kila Machi 17 simu yako hujaa picha za kijani. Kuna kofia za kijani na bia ya kijani, na hata mto unaopita katikati ya jiji la Chicago hutiwa rangi ya kijani, desturi iliyoanza 1962. Ni Siku ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ayalandi.

Lakini nyuma ya shamrashamra hizo kuna swali ambalo Wairishi wenyewe hawajakubaliana jibu lake: Mwairishi ni nani? Na je, siku hii ni ya kila mtu, au ina wenyewe?

Haya ndiyo ya kufahamu.

Patrick mwenyewe alikuja kutoka nje

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Patrick hakuzaliwa Ayalandi. Alizaliwa Uingereza, kwenye familia ya Kikristo, zama za utawala wa Warumi au muda mfupi baada yake.

Akiwa na umri wa karibu miaka 16 alitekwa na wavamizi kutoka Ayalandi, akapelekwa huko kuwa mtumwa. Alichunga mifugo kwa miaka sita kabla ya kutoroka na kurudi kwao. Baadaye akarejea Ayalandi kwa hiari yake, safari hii kama mhubiri. Habari hizi tunazo kwa sababu aliandika mwenyewe kuhusu maisha yake, na maandishi hayo yapo hadi leo.

Ile hadithi kwamba alifukuza nyoka Ayalandi ni hadithi tu. Kisiwa hicho hakikuwa na nyoka wa kufukuzwa.

Kwa hiyo mtu anayebeba utambulisho wa taifa zima alikuwa mgeni aliyeletwa kwa nguvu. Hilo likumbuke, litatufaa mbele.

Sikukuu iliyokuzwa na wahamiaji

Unaweza kudhani gwaride la Siku ya Patrick lilianzia Dublin likasambaa duniani. Kumbe ni kinyume chake. Gwaride la New York linahesabiwa tangu 1762, kabla hata Marekani haijawa nchi, na walioliandaa ni Wairishi waliokuwa katika jeshi la Uingereza. Dublin ilipata gwaride lake rasmi la serikali mwaka 1931.

Kilichoikuza zaidi siku hii ni njaa kuu ya 1845 hadi 1852, pale ugonjwa ulipoharibu viazi. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakaondoka. Wengi walifika Marekani wakiwa maskini, tena Wakatoliki katika nchi ya Waprotestanti wengi, wakabaguliwa. Kuandamana barabarani Machi 17 ilikuwa njia ya kusema: tupo, na hatuondoki.

Leo zaidi ya Wamarekani milioni 30 wanasema wana asili ya Ayalandi. Jamhuri ya Ayalandi yenyewe ina watu milioni 5 na kidogo.

Hapo ndipo utani unapoanza. Mwairishi wa Dublin humcheka Mmarekani anayesema "mimi ni Mwairishi" ilhali hajawahi kukanyaga huko, humwita Mwairishi wa plastiki. Naye Mmarekani hujibu kwamba bila babu zake walioondoka, siku hii isingejulikana duniani.

Waliozuiwa kuandamana

Waliobaguliwa jana nao wakaja kubagua. Katika miaka ya 1990, Wairishi wa Marekani walio mashoga na wasagaji walitaka kuandamana na bango lao. Mwaka 1991, meya wa New York, David Dinkins, aliandamana pamoja nao. Alizomewa na kurushiwa bia.

Boston, kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 1995 majaji wote 9 waliamua kwamba waandaaji wana haki ya kuchagua nani aandamane, kwa sababu gwaride ni kauli yao.

Milango ilifunguliwa polepole. Mwaka 2015, Boston na New York ziliruhusu makundi hayo kupita na mabango yao. Mwaka huohuo, huko Ayalandi kwenyewe, asilimia 62 ya wapigakura waliunga mkono ndoa za jinsia moja. Yaani nchi ya asili ilikuwa imebadilika kuliko baadhi ya waliokuwa wakilinda "mila" zake ng'ambo.

Mtakatifu mmoja, pande mbili

Ireland Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, Machi 17 pia ni siku ya mapumziko. Mji wa Armagh una makanisa makuu mawili, la Kikatoliki na la Kianglikana, na yote mawili yanaitwa la Mtakatifu Patrick. Hata bendera ya Uingereza ina msalaba mwekundu wa mshazari unaojulikana kama msalaba wa Patrick.

Lakini kwa miaka mingi Waprotestanti wengi huko waliona gwaride la siku hii si lao. Bendera ya kijani, nyeupe na chungwa ya Jamhuri ikipeperushwa, kwao ni siasa, si sherehe.

Mkataba wa amani wa 1998 ulitoa jibu la kisheria: mtu aliyezaliwa Ireland Kaskazini anaweza kujitambulisha kama Mwairishi, Mwingereza, au vyote viwili. Karatasi imemaliza. Barabarani bado watu huangaliana bendera.

Montserrat: siku hiyohiyo, kumbukumbu nyingine

Kisiwa cha Montserrat kule Karibiani nacho hupumzika Machi 17. Wairishi wengi walihamia huko karne ya 17, baadhi wakiwa vibarua wa mkataba. Baadaye wapo walioinuka wakawa wamiliki wa watumwa kutoka Afrika.

Mwaka 1768 watumwa walipanga kuasi siku hiyo hasa, wakijua mabwana zao watakuwa kwenye sherehe. Siri ikavuja. Watu tisa wanakumbukwa kuwa waliuawa kwa kosa la kupanga uasi huo.

Leo wajukuu zao huvaa kijani na kucheza ngoma, wakikumbuka mambo mawili kwa pamoja: asili ya Kiirishi iliyobaki kwenye majina ya ukoo, na Waafrika waliotaka uhuru. Ukiuliza ni nani mwenye haki na siku hii, hawa wana jibu zito kuliko wengi.

Pasipoti ya babu na mtoto wa Dublin

Sasa tuje kwenye jambo linalogusa maisha ya watu moja kwa moja, yaani uraia.

Hadi 2004, mtoto yeyote aliyezaliwa katika kisiwa cha Ayalandi alikuwa na haki ya uraia. Juni mwaka huo ikapigwa kura ya maoni na asilimia 79 wakakubali kubadilisha katiba. Kuanzia Januari 1, 2005:

• Mtoto wa wazazi wageni anayezaliwa Ayalandi kwa kawaida hupata uraia ikiwa mzazi mmoja ameishi huko kihalali miaka 3 kati ya 4 kabla ya kuzaliwa kwake.
• Muda wa kuishi kwa viza ya mwanafunzi, au wa kusubiri jibu la ombi la hifadhi, hauhesabiwi.
• Mtu aliyezaliwa Boston au Sydney mwenye bibi au babu aliyezaliwa Ayalandi anaweza kujiandikisha kuwa raia, hata kama hajawahi kufika.

Soma tena hapo. Mtoto anaweza kuzaliwa Dublin, akasoma Dublin, akaongea kwa lafudhi ya Dublin, lakini pasipoti ikawa shida. Mwingine anaipata kwa cheti cha kuzaliwa cha bibi yake.

Si jambo dogo. Sensa ya 2022 ilionyesha mkazi mmoja kati ya watano wa Jamhuri ya Ayalandi amezaliwa nje ya nchi hiyo. Na Novemba 2023 ghasia za kupinga wahamiaji ziliitikisa Dublin, mabasi yakachomwa na maduka yakaporwa.

Sura mpya za kijani

Lakini kuna upande mwingine. Mwaka 2017 Leo Varadkar, ambaye baba yake ni daktari kutoka India, alikuwa waziri mkuu. Mwanariadha Rhasidat Adeleke, aliyezaliwa Dublin mwaka 2002 na wazazi kutoka Nigeria, alishika nafasi ya nne mbio za mita 400 Olimpiki ya Paris 2024. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa kwenye timu ya Ayalandi iliyochukua dhahabu ya Ulaya katika mbio za kupokezana vijiti.

Na wasomaji wetu wa Kenya wana mfano wao. Mei 2011 Barack Obama, mtoto wa Mkenya, alikwenda kijiji cha Moneygall, alikotoka babu yake mmoja wa vizazi vya nyuma upande wa mama, akanywa bia na wanakijiji. Leo kituo cha mafuta jirani na hapo kinaitwa kwa jina lake. Kijiji hakikumuuliza ana asilimia ngapi za damu yao.

Kwa hiyo nani anaruhusiwa?

Kuvaa kijani hakuna kibali. Ukialikwa Machi 17, nenda, ule, ucheze.

Swali gumu linabaki kwa Ayalandi yenyewe. Ni rahisi kumpokea mgeni wa siku moja mwenye kofia ya kijani. Kazi ni kumpokea anayebaki Machi 18, mwenye jina lisilozoeleka na mtoto darasani. Na taifa lililomchukua mtumwa kutoka nje likamfanya mtakatifu wake haliwezi kusema halijawahi kufanya hivyo.